Kama Tulifunga Ofisi na Maisha Yakaendelea, Mbona Tuzifungue Tena?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo. Ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya kina mama wa soko na wakulima wa kahawa pale Karatina, na baadhi yao wameniomba niyaweke kwa maandishi. Nimepunguza hapa na pale, na salamu za mwanzo nimezitoa maana zilikula dakika kumi. Desturi ya uzi huu ni ile ile: hatumtaji mwanasiasa wala chama. Tunaichambua hoja.

Wazee wetu, kina mama, vijana, asanteni kwa kunikaribisha.

Hoja ya leo mnaijua. Mmeisikia kwa redio, mmeisikia kwa mikutano, na mkiwa kwa matatu kutoka Nyeri mjini hamkosi mtu wa kuisema. Inakwenda hivi: "Wakati wa korona serikali ilisema wafanyikazi muhimu tu ndio waende kazini. Wale wengine wakakaa nyumbani miezi na miezi, mshahara ukiingia. Na sisi hatukufa. Sasa hao wengine ni wa nini?"

Ikisemwa hivyo, watu hupiga makofi. Hata mimi siwezi kusema ni hoja ya kijinga, kwa sababu anayeisema mara nyingi ni mtu ambaye kibanda chake kilifungwa na hakuna aliyemlipa hata senti. Lakini ndani yake kuna neno moja ambalo limebeba mzigo usio wake. Neno hilo ni "muhimu".

Turudi nyuma kidogo. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 mwezi huo huo kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Pamoja na kafyu ikaja orodha ya wale ambao wangeruhusiwa kutembea usiku: madaktari na wahudumu wa afya, maafisa wa usalama na utawala, maafisa wa afya ya umma wa kaunti, maduka ya dawa, vyombo vya habari, watu wa stima, wasafirishaji wa chakula na mazao, maduka makubwa, wauzaji wa mafuta, kampuni za simu, benki, zimamoto, walinzi.

Isome tena hiyo orodha polepole utaona imejibu swali moja tu. Ni nani akikosekana usiku wa leo, kufikia kesho asubuhi kuna mtu amekufa, amelala gizani au amekosa chakula? Basi. Haikuulizwa ni nani ana faida na nani hana. Mwalimu hayuko kwa hiyo orodha, na hapa sijaona mzazi anayesema tufunge shule milele.

Kwa hivyo orodha ile ilipima kasi ya madhara. Ukubwa wake haikuupima kabisa. Kuna madhara yanayofika kwa dakika tano kama moto, na kuna yanayofika kwa miaka mitano kama mchwa. Nyumba ikiliwa na mchwa haiko salama kuliko iliyochomeka, ni vile tu hakuna anayepiga kelele.

Na hata kwa kasi yenyewe, orodha ilikosea. Siku ya kwanza ya kafyu mliona kwa televisheni yaliyotokea kwenye kivuko cha Likoni, abiria wakipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa moja haijafika. Sasa jiulize, usiku kama huo ukikamatwa bila kosa, unamwita nani? Wakili hakuwa kwenye orodha. Maafisa wa IPOA, mamlaka ile inayochunguza makosa ya polisi, nao hawakuwa kwenye orodha. Chama cha Mawakili kilienda kortini, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ilisema kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi zilivunja Katiba, na ikaagiza mawakili na watu wa IPOA waongezwe kwenye orodha. Mnaona? Wiki chache tu, na ofisi ambayo karani fulani aliiona si muhimu ikawa muhimu. Polisi hakuhitaji kuongezwa, alikuwepo tangu mwanzo.

Sasa tuje nyumbani.

Hapa kuna wakulima wa kahawa. Naona wengi. Kuna ofisi moja ya kaunti ambayo nina hakika nusu yenu hamjawahi kuingia, ofisi ya vipimo na mizani. Kazi yake ni kukagua mizani, ya duka, ya machinjio, ya soko, na ile ya kiwanda chako cha kahawa, na kuigonga muhuri kila mwaka. Afisa huyo akikaa nyumbani wiki mbili, hakuna atakayejua. Hakuna mtu atakayelazwa pale hospitali ya rufaa ya Nyeri kwa sababu mizani haikukaguliwa. Ukimwekea mizani yeye na daktari, daktari anashinda, hata mimi ningemchagua daktari.

Lakini tuseme amekosekana mwaka mzima, na mizani ya kiwanda imelegea, inakula kilo moja kwa kila hamsini. Tuseme wewe ulipeleka kilo elfu tatu za kahawa mbivu msimu huo. Umepoteza kilo sitini. Jirani yako pia. Na wanachama wote wa ushirika. Hakuna aliyeiba, hakuna wa kushtakiwa, hakuna hata wa kulaumiwa. Karatasi zinaonyesha kila mtu alilipwa kwa kilo zilizoandikwa. (Hapa mzee mmoja alisema hata afisa akiwepo mizani hulegea. Watu wakacheka sana. Nikamwambia hilo ni la mkutano mwingine, na si la kucheka.)

Msimu mkubwa wa kahawa huku kwetu unaanza karibu Oktoba. Ukifunga ofisi hiyo Agosti na Septemba, umefunga wakati ule hasa inapohitajika. Kwa tangazo la dharura, mwezi ni mwezi tu. Mkulima anajua miezi haifanani.

Mfano wa pili ni wa ardhi, na huu naomba muusikilize kwa makini maana unaweza kukukosesha shamba.

Ukinunua shamba la kilimo, tuseme ekari moja kule Kieni, makubaliano na muuzaji hayatoshi. Unahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo ni ya 1967, inasema ombi la idhini lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mlipofanya makubaliano. Idhini isipopatikana, makubaliano yanakuwa bure, kama hayakuwahi kuwepo. Unabaki kumfuata muuzaji akurudishie pesa zako, na mnajua pesa iliyolipiwa karo na matibabu hurudi vipi. Mahakama Kuu inaweza kukuongezea muda ukiwa na sababu ya kutosha, lakini hiyo ni kesi, na kesi ni wakili, na wakili ni pesa.

Bodi hiyo si karani mmoja na kompyuta. Ni mkutano. Watu wanakaa, wanauliza kama mke anajua shamba linauzwa, kama watoto wako na pa kulima. Mnaokumbuka 2020 mnakumbuka mikutano ilipigwa marufuku, na ofisi za ardhi zilifungia wananchi milango kwa wiki kadhaa. Mlango ukafungwa, lakini je, ile miezi sita ilisimama? Saa ya sheria haijui korona. Inaendelea kuhesabu hata ofisi ikiwa na kufuli.

Hili ndilo jambo ambalo wanaotoa hoja yetu ya leo hawalisemi. Serikali ikifunga ofisi kwa dharura, haifuti wajibu wa mwananchi kwa ofisi hiyo. Bado unatakiwa uwe na cheti cha kifo ndiyo SACCO ikulipe pesa za marehemu. Bado kijana aliyefika miaka kumi na minane anahitaji kitambulisho, na bila hicho hapati kazi, hapati laini ya simu kwa jina lake, hapigi kura. Bado kesi ya urithi inakungoja pale kortini Nyeri. Ofisi imelala, na deni lako kwake liko macho.

Kwa hivyo mtu akiniambia "tulifunga na maisha yakaendelea", namuuliza maisha ya nani? Ya aliyekuwa na hati zake zote tayari, ndiyo. Ya mjane aliyefiwa Aprili 2020 akawa anahitaji karatasi nne kutoka ofisi tatu, hayakuendelea. Yalisimama kwa kiti cha kusubiri.

Nikitoka hapo nataka kuwaambia kuhusu ofisi ambayo hata foleni haina. Hii ndiyo ngumu zaidi kuitetea kwa mkutano.

Hakuna mwananchi anayepanga foleni kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Huendi kule kuomba kitu. Ukiwafungia wakaguzi mlango mwaka mzima, hakuna mama atakayekuja kulia kwa redio. Wakati wa dharura watakuwa wa kwanza kuambiwa mkae nyumbani, karatasi zinaweza kungoja. Na dharura ndiyo wakati ambapo pesa hutoka haraka kuliko wakati mwingine wowote, zabuni bila ushindani, bei bila kuulizwa. Septemba 2020 ripoti maalum ya Mkaguzi Mkuu kuhusu KEMSA, shirika la kununua dawa na vifaa vya hospitali, iliuliza maswali mazito juu ya ununuzi wa korona wa takriban shilingi bilioni 7.8. Barakoa na mavazi ya madaktari yalinunuliwa kwa bei ya juu, mengine yakabaki ghalani bila kuuzika. Kama ukaguzi ungengoja hadi mambo yatulie, tungepata habari hizo tukiwa tumesahau hata barakoa inavaliwa vipi.

Na nzige je? Mnawakumbuka. Waliingia Kenya mwisho wa Desemba 2019, na kufikia Januari walikuwa Isiolo, Meru na Laikipia, hapo juu tu. Watu wakapiga madebe, wakawasha moto, polisi wakarusha vitoa machozi, nzige wakaendelea kula. Ilisemwa Kenya haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa miaka sabini. Sasa, kuna shirika la nchi za Afrika Mashariki la kupambana na nzige wa jangwani, lilianzishwa 1962. Fikiria wewe ni waziri wa fedha mwaka wa kawaida. Mbele yako kuna bajeti ya hospitali, na kuna bajeti ya ndege za kunyunyizia nzige ambao hawajaonekana kizazi kizima. Utakata ipi? Ndivyo serikali za kanda hii zilivyoipa shirika hilo pesa kwa mkono mzito miaka na miaka, na siku nzige walipofika, ndege hazikutosha. Huwezi kuajiri rubani wa kunyunyizia nzige siku nzige wanapotua. Wala huwezi kumfundisha mpimaji ardhi kwa wiki, wala kurudisha rekodi za mvua za miaka ambayo hukupima.

Hapo juu ya Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo cha idara ya hali ya hewa kinachopima hewa yenyewe, gesi zilizomo, tangu 1999. Hakuna ofisi inayoonekana ya kipuuzi kuliko hiyo ukiwa hapa chini unatafuta unga. Lakini kipimo cha hewa kikikatika miaka miwili, ile miaka miwili haipatikani tena kwa bei yoyote.

Kuna waliouliza kuhusu Marekani, maana huwa tunasikia serikali ya huko "imefungwa". Ile ni tofauti kidogo na yetu. Wao bunge lao lisipopitisha pesa kwa wakati, sheria inazuia idara kutumia pesa, isipokuwa kwa kazi za kulinda maisha na mali. Kuanzia Desemba 2018 walifunga siku 35, wafanyikazi kama laki nane wakakosa mshahara, wengine wakiwa nyumbani na wengine wakiwa kazini. Mwaka wa 2025 wakafunga siku 43, Oktoba 1 hadi Novemba 12. Ile ya 2018 hata ukaguzi wa kawaida wa viwanda vya chakula ulisimama kwa muda. Na neno "si muhimu" lilileta matusi mengi kwa wafanyikazi hivi kwamba serikali yao ililiacha, siku hizi kwa karatasi wanatumia maneno mengine. Kazi haikubadilika, jina tu.

Kwetu Katiba imeweka kinga. Ibara ya 222 inaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio ya mwaka itumike kabla bajeti haijapita. Kwa hivyo serikali kuu haifungi mlango kwa sababu ya ubishi wa bajeti. Kaunti ndizo hupata taabu, kwa sababu pesa zikichelewa Nairobi, huku kuna kalamu tu. Septemba 2020 Seneti ilikuwa imebishana kwa wiki nyingi kuhusu fomula ya mgao. Baraza la Magavana likatangaza kaunti zisitishe shughuli kuanzia tarehe 17. Siku hiyo hiyo maseneta wakapatana.

Na fomula hiyo iliyotaka kufunga zahanati ilikuwa imesimama juu ya nini? Juu ya hesabu za watu, barabara, umaskini. Asilimia 18 ya mgao ilitegemea idadi ya watu peke yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 759,164 Nyeri. Nani alihesabu? Ofisi ya takwimu. Nyinyi mnaopenda kubishana kuhusu "shilingi yetu", mlikuwa mnabishana juu ya kazi ya makarani ambao hawako kwa orodha yoyote ya watu muhimu.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu sikuja hapa kuwa wakili wa makarani.

Wanaosema mzigo wa mishahara ni mkubwa wanasema kweli. Kanuni za fedha za kaunti zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti nyingi zimepita hapo. Kuna wafanyikazi hewa. Kuna ofisi zilizoundwa ili mtu fulani apate kiti. Na ofisi kama hiyo, siku ya mjadala, hujificha nyuma ya mifano mizuri kama hii yangu ya mizani na nzige. Hilo linaniudhi kuliko ile hoja yenyewe.

Lakini kama unataka kuzipata, orodha ya dharura ni jembe baya la kuzipalilia, inang'oa mahindi inaacha magugu. Maafisa wa utawala walikuwa kwenye orodha, wote, wenye kazi na wasio na kazi. Mimi ningeanza kwa kuangalia rundo. Ofisi ikifungwa miezi mitatu, siku ya kufungua kuna rundo gani mezani? Huduma Centre zilipofunguliwa tena watu walijaa. Ofisi ambayo imefunguliwa na hakuna hata faili moja iliyongoja, hakuna simu, hakuna mkaguzi aliyeuliza, hakuna kipimo kilichokatika, hiyo tuizungumzie. Ila mkumbuke yule mkaguzi wa hesabu asiye na foleni. Kwake swali ni tofauti, ni nani alifurahi ofisi ilipofungwa.

Nilipofika hapo mama mmoja anayeuza viazi aliinua mkono. Alisema, nami nanukuu kadiri ninavyokumbuka, "Hayo yote sawa. Lakini karani wa mizani alikuwa nyumbani na analipwa. Mimi soko lilifungwa, sikulipwa, na mizani yangu ingali na muhuri wake. Hiyo ni haki ya wapi?"

Ukumbi ulinyamaza. Nilimjibu hivi, na sijui kama alitosheka. Yule karani alilipwa kwa sababu ana mkataba, na kwa sababu serikali ikimwachilia aende, siku ya kufungua itaanza kutafuta mwingine na kumfundisha upya. Hiyo ni sababu ya kumlipa yeye. Haiwi sababu ya wewe kukosa. Kosa la 2020 lilikuwa kwamba dharura ilipangiwa walio na nambari ya ajira, na mwenye meza ya viazi, ambaye analipa ushuru wa soko kila siku, hakuwa kwa daftari la mtu yeyote. Akasema, "Kwa hivyo tunahitaji karani mwingine wa kutuandika." Watu wakacheka tena, yeye hakucheka.

Kijana mmoja wa chuo aliuliza tufanye nini. Kaunti inatakiwa kupeleka makadirio ya bajeti kwa bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili, na yapitishwe kabla ya Juni 30. Katikati hapo kuna vikao vya wananchi, na mara nyingi tunaenda kuuliza barabara tu. Ulizeni mambo mawili. Kwanza, tukifunga tena kwa mafuriko, ugonjwa au ukosefu wa pesa, ni tarehe zipi za kisheria zitasimamishwa ili mwananchi asipoteze shamba au kesi kwa sababu mlango ulifungwa? Iandikwe mapema, isingoje dharura. Pili, ni kiasi gani kimewekwa kwa vipimo na mizani mwaka huu, na ni viwanda vingapi vya kahawa vitafikiwa kabla ya Oktoba. Nakala ya makadirio inapatikana kwa karani wa bunge la kaunti. Ni kitabu kinene, na safu hiyo huwa ndogo, iko chini ya idara ya biashara.